Injini Isiyo na Kitabu

Gari la Kabibi lilizimika mahali pabaya kuliko pote: kwenye mteremko wa kivuko cha Kilifi, saa nne asubuhi, feri imeshashusha mlango wake na magari kumi na mawili yamepanga mstari nyuma yake. Honi zikaanza. Wauza korosho wakasogea kutazama. Kabibi akashuka, akajifunga leso vizuri kiunoni juu ya gauni lake la kitenge cha kijani, akafungua boneti. Alitazama ndani kama mtu anavyomtazama mgonjwa bila kujua amsaidieje. Akarudi ndani, akaipiga stata mara ya tano.

"Usiipige tena, mama," sauti ikasema. "Unaiumiza."

"Imeanza yenyewe kuniumiza mimi."

Aliyesema alikuwa ameshuka kutoka kwenye feri kwa miguu. Mtu mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini hivi, amevaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa hadi magoti yakawa meupe. Begani alibeba gunia zito. Kabla ya kugusa chochote alivua sweta yake, akaikunja, akaitandika chini, kisha akalilaza gunia juu yake taratibu. Kabibi aliliona hilo, pamoja na honi zote zile.

"Umebeba nini humo, kaka?"

"Krenki, mhimili wa injini. Ya Peugeot 504 iliyopinduka Mtwapa. Haina hata mkwaruzo." Akaweka kiganja juu ya bodi ya gari. "Haya, ijaribu mara moja tu. Ya mwisho."

Injini ikakohoa, ikagonga, ikanyamaza. Yule mtu akatikisa kichwa polepole.

"Ringi za pistoni zimekwisha, na kuna beringi inalia. Hii gari imefanya kazi sana."

"Gari hili," Kabibi akamsahihisha, kwa uchovu tu.

"Gari hili. Nisahihishe taratibu, mama, nimetoka bara, Murang'a, miaka sita tu." Akacheka, kisha akaenda dirisha kwa dirisha katika ule mstari, akiwaomba radhi madereva kana kwamba gari ni lake. Honi zikakoma moja moja. Wapagazi wakaja, wakalisukuma gari hadi pembeni.

Jina lake lilikuwa Mwaura. Alikuwa na gereji Malindi, nyuma ya soko, na mwaka ule wa 1984 hakuna dereva kutoka Mtwapa hadi Malindi ambaye hakuwa amesikia habari za injini zake. Mwaura hakuwa akinunua injini. Alizijenga, kipande cha gari hili na kipande cha lile, mpaka zikanguruma. Watu waliziita chotara. Wengine walilitamka neno hilo kwa heshima, wengine kwa kejeli.

Kabibi alikuwa na miaka thelathini na sita, mjane wa miaka miwili. Marehemu mumewe, Kenga, aliugua, akafa, akamwachia mabinti wawili wa shule na Peugeot 404 ya mgongo mrefu. Wanawake wa Kilifi walitazamia aliuze gari hilo. Yeye akajifunza kuliendesha. Na sasa hoteli moja ya ufukwe wa Bofa, hapo Kilifi, ilikuwa imetoa neno: kuanzia mwisho wa Agosti, dereva mmoja wa nje angepewa kazi ya mwaka mzima, kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Malindi na kuwaleta Bofa. Gari lililohitajika ni lile lisilolala njiani. Kwa Kabibi, kuikosa kazi hiyo kulikuwa na maana moja tu: kuliuza gari kwa bei ya chuma na kurudi kulima kwa shemeji zake.

Mshindani wake alikuwa Thuku, kijana mcheshi mwenye miwani ya jua na shati lililopigwa pasi. Yeye alikuwa na 504 ya injekshen, yenye injini iliyotoka kiwandani ikiwa imetengenezwa kwa mwendo. Akimkuta Kabibi barabarani, alipunguza kasi makusudi ili waende sambamba, akatoa kichwa nje.

"Mama, ukifika Malindi kabla ya Krismasi, nisalimie watu."

Kisha akaikanyaga, na Kabibi akabaki na vumbi lake.

Wiki ya pili gari likiwa limevutwa hadi gereji ya Mwaura, Kabibi alikwenda Malindi kuuliza kazi imefikia wapi. Alimkuta Mwaura ameketi juu ya kreti, vipande vya injini vimepangwa juu ya turubai kama vyombo vya harusi. Mwaura akampa kreti, akabaki amesimama yeye.

"Fundi, nijibu ukweli. Ya kiwandani na hii yako, ipi bora?"

Mwaura alijifuta mikono kwa tambara, kidole kwa kidole.

"Ya kiwandani."

Kabibi hakulitarajia jibu hilo. "Mbona hujitetei?"

"Umeniuliza ukweli. Ile ya Thuku imefanyiwa kazi na watu wenye akili, wakaipima mpaka unene wa unywele. Kila kipande kimezaliwa pamoja na mwenzake. Ukiikanyaga inaitika. Yangu, vipande vimekutana ukubwani. Bloki, mwili wa injini, ni ya 504. Hedi, kifuniko chake cha juu, ni hii ya kwako. Pistoni nimezitoa Mombasa, kabureta ni ya Datsun. Kila kimoja kimekuja na tabia za kwao. Kazi yangu ni kuvipatanisha."

"Kumbe wewe si fundi, ni mzee wa ukoo."

"Mzee wa ukoo hapakwi grisi, mama." Akacheka. "Lakini waliotengeneza ile hawaijui barabara ya Matsangoni. Hawajui mchanga wake, wala petroli ya pipa, wala hii chumvi inayokula mpaka nati. Ile ikiumwa inataka kifaa kilichoko Mombasa, na fundi aliyekisomea. Yangu naijenga kwa barabara hii na kwa mguu huu." Akautazama mguu wa Kabibi ndani ya kiatu cha raba, kisha haraka akatazama kwingine.

Chai ikaletwa. Kabibi aliona kwamba kikombe kizima alipewa yeye, na chenye mpasuko akakishika Mwaura, upande wa mpasuko amejigeuzia.

Baada ya hapo zikaanza simu. Gereji haikuwa na simu, lakini duka la jirani lilikuwa nayo, na muuza duka, mama mmoja aliyeitwa Kahonzi, hakuchoka kumwita. Kabibi alipiga kutoka kibanda cha Posta ya Kilifi, sarafu mkononi.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Leo amekula pistoni mbili."

"Na daktari?"

"Daktari hajala. Anangoja mtu wa Kilifi aje na wali wa nazi."

"Daktari ana mdomo."

"Daktari ana hamu, laazizi."

Neno lile lilimtoka Mwaura kwa mara ya kwanza, na kwa lafudhi ya Murang'a likasikika kama kitu kizito kilichobebwa kwa tahadhari. Kabibi aliushikilia mkono wa simu mpaka sarafu ikaisha na simu ikakatika. Jumamosi yake alikwenda Malindi, amevaa gauni la maua madogo na hereni alizonunuliwa na Kenga, na sufuria ya wali imefungwa kwa leso.

Injini ikakamilika mwisho wa Juni. Siku ya kulichukua gari, Mwaura alifungua boneti na kumwonyesha. Juu ya kila bolti ya hedi alikuwa amepaka mstari mwembamba wa rangi ya manjano, kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma.

"Hii ni alama yangu. Bolti ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika, nami najua kuna mkono umepita. Chotara haina kitabu, Kabibi. Kitabu chake ni mimi. Ikikusumbua, nipigie mimi."

"Na nikikusumbua mimi?"

"Nipigie zaidi." Akafunga boneti. "Na uiendeshe polepole, kilomita elfu tatu za mwanzo. Ringi ni mpya, ziache zizoeane na silinda. Baadaye itakimbia mpaka uchoke."

Mwezi mzima Kabibi alichukua wageni ndege baada ya ndege, akijaribiwa na hoteli kwa zamu na Thuku. Gari halikulala njiani hata siku moja. Lakini halikukimbia pia. Hata alipokanyaga mafuta hadi mwisho, lilifika sabini likabaki hapo. Thuku akapata maneno mapya.

"Mama, hiyo chotara ina damu ya punda upande gani?"

Katikati ya Julai mama yake Mwaura aliugua, naye akapanda basi kwenda Murang'a. Siku ya tisa akapiga simu mapokezi ya hoteli, Kabibi akaitwa.

"Tumemzika jana," Mwaura akasema.

"Pole, mpenzi wangu. Pole sana. Umelala?"

"Siku nne sijalala. Watu ni wengi, na mimi ndiye mkubwa." Kisha akauliza, "Gari hili linaendeleaje?"

Hata katika hali ile alikumbuka kusema gari hili. Kabibi akafumba macho.

"Zuri. Halina neno. Wewe pumzika."

Haikuwa kweli. Asubuhi ile ile, karibu na Matsangoni, maji yalikuwa yameanza kuvuja pale hedi ya 404 ilipokutana na bloki ya 504, na gari lilikuwa limesimama mbele ya gereji ya kandokando ya barabara ya fundi mmoja wa Kigiriama, Dena, ambaye alimjua Mwaura na kumtania kwa kumwita mulamu, shemeji, kwa sababu ya Kabibi. Kabibi aliomba lifti hadi hotelini kuulizia zamu yake ya kesho, na jibu lilipomjia kinywani, alimfikiria mtu ambaye hajalala siku nne, aliyeko mbali, na akaona hana haki ya kumtwika hedi juu ya kaburi.

Aliporudi Matsangoni, Dena alikuwa ameshika spana, hajafungua hedi.

"Dada, hii ina rangi ya mulamu. Nikikata mistari hii bila yeye kujua, nimemvunjia heshima. Sisi mafundi hatufanyiani hivyo."

"Nina wageni kesho. Kata. Nitamwambia mwenyewe akirudi."

Dena akakata, akabadilisha gasketi inayoziba kati ya hedi na bloki, akafunga. Alifanya kazi safi. Kisha, akijaribu gari, aliinama chini ya usukani, akakaa huko muda mrefu, akatoka na kipande cha mbao, kikubwa kama kiberiti, kimekatwa vizuri na kupigwa msasa.

"Kilikuwa kimefungwa chini ya pedali ya mafuta. Ndiyo maana halikuwa linapita sabini."

Kabibi akakipokea. Kilikuwa laini, hakina hata kibanzi cha kumchoma mtu. Akasimama nacho barabarani. Mwezi mzima alimeza kejeli za Thuku, akiamini ndiyo nguvu yote ya gari lake. Kumbe mtu aliyemwita laazizi alimfungia mguu, kama mbuzi anavyofungwa kamba asile mahindi ya watu, na wala hakumwambia.

Alikitupa ndani ya droo ya dashibodi. Kesho yake Thuku alipotoa kichwa dirishani, Kabibi hakungoja amalize. Alikanyaga. Chotara ikainuka kama iliyokuwa ikingoja ruhusa. Themanini, mia, mia na kumi. Miti ya mikorosho ikageuka ukuta mmoja. Kwa kilomita tatu hivi alimwona Thuku pembeni yake bila kicheko. Halafu ile 504 ikavuta pumzi ya pili, ambayo chotara haikuwa nayo, ikampita, ikaenda zake. Kabibi alipofika Bofa, moshi wa buluu ulikuwa ukilitoka gari nyuma.

Mwaura alirudi Jumatatu. Hakwenda Malindi kwanza. Alishuka Kilifi, begi mkononi, akamngojea hotelini kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amekonda, na amenyolewa. Alimpa Kabibi mkono, akamletea maparachichi ya shambani kwa mama yake. Kisha akamwomba awashe gari, na kabla ya kufungua boneti uso wake ulikuwa umeshabadilika.

"Umeikimbiza."

"Fungua uone na mengine."

Akafungua. Akaitazama ile mistari ya manjano iliyokatika, bolti kwa bolti, zote kumi.

"Nani?"

"Dena. Maji yalivuja."

"Lini?"

"Siku uliyonipigia."

"Nilikuuliza, Kabibi. Nilikuuliza linaendeleaje, ukaniambia halina neno."

"Ulikuwa umetoka kumzika mama yako."

"Habari ya hedi ndiyo pekee ambayo ingenipa kitu cha kufikiri nje ya msiba. Ungeniambia."

Kabibi akafungua droo, akakitoa kile kipande cha mbao, akakiweka juu ya bodi kati yao.

"Na wewe ungeniambia."

Mwaura alikigeuza kwa kidole. "Thuku anakuchokoza kila siku. Hakuna dereva anayeweza kuvumilia hilo. Nilijua utakanyaga kabla ya zile kilomita elfu tatu."

"Basi hukuniamini."

"Wewe uliniamini?"

Hakuna aliyepaza sauti. Walikuwa wamechoka wote wawili, na uchovu ukichanganyika na uchungu hautoi kelele. Mwaura akachukua begi lake, akatembea hadi barabarani. Maparachichi yakabaki kwenye kiti cha mbele. Kabibi hakuyala, wala hakuyatoa, mpaka yakaanza kunuka.

Agosti ikapita bila simu. Mara mbili Kabibi alisimama Posta na sarafu mkononi, akaona foleni, akafurahi kupata sababu ya kuondoka. Moshi wa buluu ukapungua kidogo kidogo, kwa kuwa sasa aliendesha polepole kwa hiari yake. Thuku naye, tangu siku ile ya mbio, hakumtania tena. Alimpungia mkono tu, na siku moja alimpisha kwenye kivuko.

Wiki ya mwisho ya mwezi huo msimamizi wa magari ya hoteli, Bwana Nahashon, akawaita wote wawili ofisini. Alikuwa mtu wa haki, na mkavu.

"Kwa mwendo, Thuku amekushinda, mama. Kwa kutolala njiani mko sawa, na wageni wanakupenda wewe. Lakini nina swali moja. Gari la Thuku lina kitabu. Likiharibika, fundi wa hoteli anafungua kitabu. Lako likiharibika?"

"Lina fundi wake."

"Mmoja. Na fundi huyo akisafiri? Akigombana nawe?"

Nahashon akampa hadi Ijumaa alete jibu.

Alhamisi asubuhi Dena alikuja Kilifi kwa baiskeli kutoka Matsangoni, jasho linamtiririka, na kitu kimefungwa ndani ya karatasi ya saruji.

"Mulamu alinipitia jana. Ameniambia nikupe mkononi, nisimpe mtu mwingine."

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Nilimuuliza. Akasema ukimwona utafikiri amekuja kuomba kitu."

Kilikuwa daftari la shule la kurasa tisini na sita, limejaa mwandiko mnene wa penseli, kazi ya mwezi mzima. Kabibi alikaa kwenye ngazi za jikoni mwa hoteli, akasoma. Kila kipande cha injini kilikuwa na ukurasa wake: kilitoka gari gani, kwa nini kilichaguliwa, kinakazwa kwa nguvu kiasi gani, kikichakaa kitafutwe wapi. Palikuwa na michoro. Pale hedi inapokutana na bloki palikuwa na kurasa nne, na maneno haya: *Hapa ndipo penye udhaifu. Dena ametumia gasketi bora kuliko yangu. Fuateni yake.* Mbele kidogo: *Moshi kidogo asubuhi si ugonjwa. Dereva ana mguu mwema.* Na ukurasa wa mwisho:

*Chini ya pedali niliweka kipande cha mbao bila kumwambia mwenye gari. Lilikuwa kosa la fundi, si la injini. Kuanzia leo fundi yeyote anaweza kuifungua. Haimtegemei mtu.*

Kabibi alifunga daftari, akaliweka mapajani, akakaa hapo mpaka mpishi akamletea maji bila kuombwa.

Ijumaa Nahashon alimwita fundi wa hoteli, Musembi, akampa lile daftari. Musembi alilisoma amesimama, akaendelea kulisoma ameketi. Mwishowe akasema, "Hii naweza kuifungua kesho na kuifunga keshokutwa. Kile kitabu cha kiwandani hakiniambii petroli ya pipa nifanye nini." Nahashon akatia saini. Kazi ya mwaka ilikuwa ya Kabibi. Thuku ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono.

Alasiri ile Kabibi aliendesha hadi Malindi, hana abiria, kwa kilomita sitini kwa saa. Mwaura alikuwa ameinama juu ya injini ya mtu mwingine. Alisikia ngurumo ikiingia, akaijua, lakini hakuinua kichwa mpaka ikazimwa.

"Imepata kazi?"

"Imepata."

"Vizuri." Akajifuta mikono, kidole kwa kidole. "Basi sasa huna haja nami. Fundi yeyote anaweza."

"Ndiyo. Sina haja nawe. Nimeendesha njia nzima nikilifikiria hilo." Kabibi alikuwa amevaa lile gauni la maua madogo, na hereni. "Nimekuja hata hivyo."

Mwaura akaleta kreti mbili safari hii, wakaketi wote. Kahonzi aliwaona kutoka dukani, akaleta chai, akarudi zake.

"Nilipaswa kukuambia habari ya ile hedi," Kabibi akasema. "Nilitaka ulale tu."

"Najua. Nimelijua hilo baadaye, nikiandika ule ukurasa wa mwisho." Akazungusha kikombe chake chenye mpasuko. "Umechoka, Kabibi?"

"Nimechoka tangu Kenga aumwe."

"Na mimi tangu nitoke kwetu. Nilitaka kukuambia maneno mazuri, niliyapanga kule Murang'a, lakini yamenipotea. Nimebakiwa na haya tu. Nataka tuchokee nyumba moja."

Kabibi alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akaenda garini, akafungua droo, akarudi na kile kipande cha mbao. Akakiweka katika kiganja cha Mwaura, akavifumba vidole vyake juu yake.

"Zimebaki kilomita mia sita," akasema. "Kirudishe. Safari hii nimeambiwa."

Mwaura akainuka, akaenda kutafuta waya wa kukifungia, na njiani akachukua pia kopo la rangi ya manjano na brashi mbili.